Mlango Usiomsubiri Mama Uzi

Mama Uzi hakuwa mtu wa kuambiwa kitu akakubali. Tangu yu msichana alikuwa akifumua kola za mashati ya baba yake ili aone zilivyogeuzwa. Alichapwa kwa hilo, kisha akazishona upya, nzuri kuliko mwanzo. Cherehani aliijua kwa njia hiyo hiyo ya kufumua, na hata sasa, mvi kichwa kizima, miwani moja puani na nyingine utosini, ukimwonyesha koti jipya hulipindua kwanza aone bitana yake, ndipo hulisifu.

Basi Waya alipoingia uani na mlango wa banda la kuku unaojifunga wenyewe, alijua anajitafutia maswali.

Waya alikuwa jirani wa ukuta mmoja, fundi wa redio na friji. Mlango wenyewe ulikuwa kipande cha bati kilichopanda na kushuka kati ya mbao mbili, kikivutwa na kamba ya nailoni iliyozungushwa kwenye mota ya waipa ya gari bovu. Juu ya paa la banda palikaa kijicho cha kioo, kidogo kama punje ya dengu. Kukicha kinaona mwanga, mlango unapanda. Giza likiingia, unashuka.

Mama Uzi alitaka kujua giza kiasi gani. Je, likitanda wingu la mvua mchana? Mwezi ukiwa mpevu? Kuku akisimama kizingitini akipiga soga, bati halitamkata shingo? Kwa swali hilo la mwisho Waya aliweka mkono wake mwenyewe chini ya mlango. Bati likamgusa, likasita, likarudi juu.

"Mimi ni msahaulifu, mama, wewe unajua," alisema. "Nimekutengenezea kitu kisichosahau."

Alijua, ndiyo. Miaka michache nyuma Mama Uzi alikwenda kumzika dada yake, akamwachia Waya kazi moja tu, kufunga banda jioni. Waya akapitiwa. Kicheche akaingia, na asubuhi alibaki mtetea mmoja mwekundu aliyejibanza nyuma ya debe. Mama Uzi hakumgombeza, ila tangu hapo hakulala tena nje ya nyumba yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa bintiye, mji wa pili, alikuwa akifika asubuhi na kuondoka alasiri, hata siku ya homa, hata siku ya mvua. Watu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hapa mwenye kamba mguuni alikuwa mwenye kuku.

Sasa binti alikuwa karibu kujifungua mtoto wa pili. Alikuwa amepiga simu, sauti yake taratibu mno. "Mama, mara hii nakuomba ukae. Ukilala kwako nitamwita mama mkwe, wala sitakulaumu." Hilo la kutolaumiwa ndilo lililomchoma Mama Uzi. Mtu akilaumiwa bado anatarajiwa.

Kwa hiyo jioni ile ya kwanza alitoa kigoda, akaketi mbele ya banda, macho kwenye bati, hamu imemjaa mpaka amesahau kuwasha jiko. Kuku hawakuingia. Walimzunguka miguuni, wakimtazama kwa jicho moja moja kama wateja waliofika kuchukua nguo ambazo hazijaguswa. Giza likaingia. Mota ikakoroma, bati likashuka taratibu na kulifunga banda tupu. Ikambidi ainue bati kwa mkono na kuwakamata kuku mmoja mmoja, akiwatukana wao na ukoo wao.

Kesho yake akahamisha kigoda mpaka kwenye kamba ya nguo. Yakawa yale yale. Akamwita Waya, akamwambia bila kupepesa kwamba mlango wake ni mjinga na kwa bintiye haendi.

Waya hakugusa waya hata mmoja. Alimuuliza tu, zamani alikuwa akiwafungiaje? Mama Uzi akaeleza: anatoka, anagonga kopo, anarusha mtama ndani, wanaufuata, anafunga. Kila jioni, miaka yote hiyo.

"Mlango mzima," alisema Waya. "Mbovu ni wewe, mama. Wakikuona wanangoja mtama."

Mama Uzi alinuna kwa muda unaostahili, kisha akakiri moyoni kwamba hesabu hiyo inaingia. Jioni akabaki jikoni. Kuku wakamwona dirishani, wakajipanga chini yake. Akavuta pazia. Sasa wao hawamwoni, lakini na yeye hawaoni, na kuamini asichokiona hakujifunza wala hakukusudia kuanza uzeeni.

Ndipo akachukua mkasi. Alikata katikati ya pazia tundu la kifungo, akalizungushia uzi kingo zake kwa mkono, mshono mzuri kama wa koti la harusi, maana hata upelelezi una heshima yake. Siku iliyofuata, jua lilipoanza kuzama, aliweka jicho pale.

Jogoo alikuja mpaka mlango wa nyuma, akangoja, akaondoka. Wengine walizurura kidogo, wakiparua pasipo na kitu. Kisha mmoja akapanda ngazi ya banda kana kwamba amekumbuka shughuli. Wawili wakamfuata, halafu wote, wakigombania nafasi kwenye fito. Akabaki yule mtetea mwekundu wa siku ya kicheche. Alifika kizingitini, akageuka kuitazama nyumba. Mkono wa Mama Uzi ulikuwa tayari kwenye komeo la mlango wa nyuma, na mwingine kwenye kopo.

Mtetea akaingia. Bati likashuka.

Mama Uzi aliendelea kuchungulia ingawa hapakuwa tena na cha kuona. Alifurahi, na akaumia, kama mtu aliyesikia karamu imefana bila yeye. Kisha akaweka kopo chini na kupiga simu. Alisema anakuja, na atalala.

Mke wa Waya alikubali kupita asubuhi, kumwaga chakula na maji na kuokota mayai. Mama Uzi akafunga safari.

Kwa bintiye alikaa sebuleni wakikunja nepi pamoja, akimsimulia habari za kijicho cha kioo, mpaka jua likaanza kushuka. Mjukuu wake akaja kutoka chumbani na mkoba wa bibi begani, viatu vya bibi mikononi. Alivipanga mbele ya kochi, visigino kuelekea kwa bibi. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyozoea kufanya kila bibi alipokuja.

"Leo sivivai," alisema Mama Uzi. "Nalala hapa."

"Kuku nani anawafungia?"

"Wanaingia wenyewe, mlango unajifunga."

"Wanajua kuingia wenyewe?"

"Kumbe wanajua."

"Tangu zamani?"

Binti aliacha kukunja, akamtazama mama yake. Mama Uzi, mfumuaji wa kila kitu, alitafuta pa kushikia swali hilo asipapate. Akamwambia mtoto avirudishe viatu, avisukume mbali, chini kabisa ya kitanda.