Adabu Niliyompa Mokami

Mtoto nimemharibu mimi mwenyewe, sina wa kumlaumu. Wanaonisengenya hapa Nyarero waacheni waseme.

Mokami ni mjukuu wangu. Binti yangu alifariki huyu mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea peke yangu, na adabu nikampa ya kwetu: mbele ya mkubwa macho chini, na bibi akiwepo usimjibu mgeni mpaka bibi akuruhusu. Halafu ana huruma huyo! Kichwa kikiniuma, kabla sijasema ameshaleta maji. Nilikuwa natamba naye jamani.

Januari tukaenda Sirari. Shule moja ya bweni ilibakiwa na nafasi moja ya darasa la kwanza. Niliitaka kufa na kupona, maana macho yangu yanaisha, na nikishapofuka nani atamhangaikia?

Mwalimu Steven, kijana mchangamfu aliyekulia upande wa Kenya, akaniamkia vizuri, akasema, "Bibi, ngojea hapo nje kidogo." Thubutu! Mjukuu wangu nimwache na mgeni? Nikakaa palepale.

"Mokami, niangalie. Unapenda mchezo gani?"

Kimya.

"Haya, hesabu mpaka kumi."

Kimya. Huyu anayehesabu mbuzi mpaka arobaini! Alikuwa anaangalia miguu yangu tu. Nami nikanuna, nikaona ananiaibisha makusudi, nikangoja aseme.

Baada yetu akaingia mtoto wa mfanyabiashara wa mpakani. Akaimba, akacheka, akamshika mwalimu mkono. Nafasi akapewa yeye.

Njiani nikamchapa Mokami. Nilimchapa kwa hasira, Mungu anisamehe. Alipoacha kulia akasema polepole, "Bibi, si hukuniruhusu."

Nilikaa chini barabarani. Neno moja tu, "mjibu mwalimu", lingetosha. Kesho yake nikarudi kumbembeleza Steven. "Pole bibi," akasema, "darasa limejaa, na mwakani umri utakuwa umempita."

Tangu kile kipigo mtoto hasemi tena, hata na wenzake. Kazi anafanya, maji analeta, ila sauti yake nimeisahau. Mimi sasa naona giza tu. Kila siku namwita, namkalisha mbele yangu, namwambia, "Mokami, nimekuruhusu. Sema lolote. Niangalie."

Nasikia anavyopumua. Kama ananiangalia, sijui.