Fundi Aliyeutamani Uziwi

Fundi cherehani yule hujaza pamba masikioni kabla hajaketi, kisha hukaza taya kama anayeng'olewa jino. Cherehani yake mwenyewe haimuudhi. Kinachompandisha mori ni mteja anayetafuna chingamu mdomo wazi, kijiko cha mumewe kikigonga kikombe, na spika ya jirani muuza simu. "Punguza hilo lidubwana, mwana wa watu wewe!" hufoka, naye jirani hucheka, akaongeza sauti.

Siku moja jirani alipoongeza hivyo, fundi alibwaga gauni la watu chini, akamgeukia mama mkwe wake, kiziwi, aliyekuwa akishona vifungo kwa utulivu. Akasema polepole ili midomo isomeke: "Mama, nakuonea wivu. Laiti Mungu angeniziba na mimi!"

Bibi akaweka sindano. "Unanionea wivu wa nini, mwanangu? Humu kichwani mnavuma mashine ya kusaga tangu nilipoacha kusikia. Wewe angalau una wa kumgombeza."

Fundi hakumwonea huruma. Alimkasirikia, kama aliyefungiwa usoni mlango wa mwisho wa kutorokea kelele, akakanyaga cherehani kwa nguvu zake zote.