Gonga Nisikie

Nilikuwa ndani ya eda, na mkanda wa chokaa ulikuwa unataka kuniangukia kitandani. Nasema ule mkanda wa nakshi uliozunguka chumba, pale ukuta unapokutana na dari. Marehemu mume wangu aliufanya kwa mikono yake mwaka tuliooana, maua ya yasmini na majani yake. Alikuwa fundi wa lipu, na kila nyumba ya zamani ya Pangani ilipoanza kubanduka yeye ndiye aliyeitwa. Homa ikamchukua kwa haraka, masika yakaingia, maji yakapenya kwenye paa, na mkanda ukapata ufa mrefu kutoka pembe ya dirisha hadi juu ya mto wangu. Nikiamka asubuhi nilijifuta vumbi jeupe usoni.

Mjane wa pwani hatoki nyumbani mpaka eda yake iishe, na mwanamume asiye maharimu yake hamwoni. Chumba cha pili paa lake lilishaporomoka. Cha mbele ndicho walichokaa wanaume waliokuja kutoa pole. Kwa hiyo tulibaki mle mle, mimi na mama mkwe wangu, tukilaza vichwa upande wa miguu na kuomba Mungu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa na kazi bandarini Tanga. Siku moja akaja na mfuko wa simenti, akautua ukumbini, akaanza kusema na mama yake kwa sauti ya kutaka nami nisikie.

"Mama, Ijumaa nakuja na watu. Hayo mapambo yote yatoke, tupige simenti ukuta mzima. Yeye atakaa kwangu Tanga, pale Mabawa, mpaka tumalize."

"Umtoe mjane ndani na eda yake?"

"Basi afe na chokaa kichwani, mama?"

Nilikuwa nyuma ya pazia na damu ikanichemka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameshamzika kaka na hakutaka kuzika tena. Lakini mle ndani mume wangu hakuwa ameacha kitu kingine cha mkono wake, na huyu alitaka kukikwangua kama ukoko wa sufuria. Alipoondoka tu, mama mkwe akatuma mtu kumwita mshirika wa marehemu, fundi waliyefanya naye kazi miaka yote.

Fundi akaja asubuhi, akapiga hodi, akamwamkia mama shikamoo, akasimama nje ya pazia la chumba. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kuingia hawezi. Na mama mkwe, ambaye kwa mambo ya dini hakuwa na mchezo, alisema hata sauti yangu asiisikie.

"Basi nani atashika mwiko?" fundi akauliza.

Nikajionyesha kifua kwa kidole. Kwetu ni Moa, nyumba za udongo, na kukandika ukuta nilianza kabla sijajua kusuka ukili. Mama mkwe akanitazama juu mpaka chini, kisha akasema kwa pazia, "Yuko wa kushika."

"Haya. Mwambie apande juu ya meza, agonge mkanda kwa mpini wa mwiko, polepole, aanzie mlangoni. Agonge nisikie."

Mama mkwe alikaa kizingitini na tasbihi yake, akinipa kila neno upya kana kwamba mimi ni kiziwi. Nikagonga. Mlio ukatoka mfupi, mgumu. "Hicho kizima," fundi akasema. "Hicho kizima," mama mkwe akasema. Nikasogeza meza. Kizima. Kizima. Nilipofika dirishani mlio ukabadilika, ukawa kama wa kugonga dafu lililokwisha maji.

"Mwambie hapo... hapo pamechoka."

Nilimwelewa. Mafundi wa lipu husema pamekufa. Nilimsikia mume wangu akilitamka neno hilo mara nyingi, bila huzuni yoyote. Lakini tangu mazishi hakuna aliyelisema ndani ya nyumba ile, na huyu naye alikuwa analizunguka. Nikagonga kwa nguvu zaidi, kwa hasira, sijui nikimkasirikia nani.

"Toka hapo!" Safari hii fundi hakupitia kwa mtu. "Shemeji, ruka! Ruka!"

Niliruka. Kipande chenye urefu wa mkono kikashuka na kupasukia kitandani, pale ulipokuwa mto wangu. Chumba kikajaa vumbi, nikasikia mama mkwe akikohoa na kuniita, nami nikasahau amri zote nikajibu kwa sauti, "Nipo! Nipo mzima!"

Fundi hakufunua pazia. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wake, kisha vikaachia.

"Mwambie hicho kimechoka," akasema tena, taratibu.

Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya kile kipande, anakigeuza. Ni mwanawe yule aliyekifanya. Akanitazama machoni, akasema, "Anasema kimekufa."

Tulikaa kitako kwenye vumbi tukalia, sisi wawili, na mwanamume wa watu nje ya pazia akangoja mpaka tulipomaliza.

Kisha kazi ikaanza, na Ijumaa haikuwa mbali. Nikamuuliza fundi kupitia kwa mama kwa nini tusitumie ile simenti, maana inakauka upesi, nami nilikuwa na haraka.

"Mwambie huu ni ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa. Unakunywa maji na kuyatoa. Simenti itayafungia ndani, chumvi itaisukuma, na itakapoanguka haitaanguka kidogo. Uani liko pipa la chokaa aliyoiloweka marehemu. Achukue hiyo. Mchanga uwe wa mtoni, wa pwani una chumvi. Na nyuzi za makumbi ya nazi, azikate fupi fupi."

Nilichanganya mwenyewe kwenye karai. Chokaa ya pipa ilikuwa laini kama siagi. Nikapanda mezani kulowesha pale palipobanduka, na hapo ndipo nilipoona. Kwenye lipu ya chini, kabla haijakauka, mume wangu alikuwa amepitisha vidole vinne, ikabaki mifereji minne iliyopinda. Niliweka vyangu humo. Vilikuwa vyembamba mno, vikacheza. Nikainama, nikamnong'oneza mama mkwe nilichokiona.

"Ameona mikwaruzo?" fundi akauliza. "Mwambie asiilainishe. Lipu mpya inashika hapo hapo. Aijaze."

Nilichelewa kuijaza. Nilishughulika na kulowesha tena na tena, mpaka nikasikia sauti ya shemeji barazani na watu wake, amewahi kabla ya Ijumaa, anaita mama afungue. Nikachota chokaa, nikajaza mfereji wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mlango ukagongwa tena.

"Bado waviona vidole vyake?" mama mkwe akauliza kutoka chini.

"Bado kimoja."

"Ngoja. Usijaze."

Alikuwa mzee wa magoti mabovu, hata kitandani alipanda kwa kushikwa. Alipanda kiti, akapanda meza, nikamshika kiuno. Akanyoosha mkono, akatia kidole chake ndani ya ule mfereji wa mwisho, akakipitisha taratibu mwanzo hadi mwisho. Shemeji aligonga mpaka komeo likacheza.

"Haya," akasema. "Jaza."

Nikajaza. Nikamteremsha, akaenda kufungua mlango na chokaa ikiwa bado mbichi kidoleni.

"Rudi na simenti yako, mwanangu," nikamsikia akisema. "Chumba kina fundi."