Kutu Iliyoanzia Juu

Siku yangu ya kwanza kazini nililambishwa chuma. Nilikuwa msichana mbichi, nimevaa ovaroli ya kiume iliyonipwaya, katika karakana ya shamba la mkonge nje kidogo ya Tanga. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliniingiza chini ya tela akanionyesha unga mweupe kwenye maungio ya bodi. "Onja," akasema. Nikadhani ananifanyia mzaha kwa kuwa mimi ni mwanamke. Nikaonja hivyo hivyo, nisionekane mwoga. Chumvi!

"Ulidhani nini, sukari?" akaniuliza. "Upepo wa huku unaibeba. Sasa sikia, binti. Kutu haiji yenyewe, inaitwa. Ukiiona usikimbilie kopo la rangi. Uliza kwanza nani kaiita."

Nyinyi vijana mliosomea ufundi mna vidude vya kupimia kila kitu, na mnanicheka nikisema nilipima kwa ulimi. Chekeni tu. Mimi hadi leo nikiona bati lina doa, mate yananijaa.

Kutoka shambani nilihamia Dar es Salaam, kwenye yadi ya magari ya Kijapani yaliyotumika. Huko ndiko nilikokutana na chumvi ya aina ya pili. Kaskazini kabisa mwa Japani theluji huanguka mpaka barabara zinageuka barafu, na serikali ya huko humwaga chumvi ili barafu iyeyuke magari yasiteleze. Barabara inapona, gari linaumia. Maji yale ya chumvi hurushwa na magurudumu yakaingia kila kona ya tumbo la gari, yakajificha ndani ya chesisi, na hata gari likishapanda meli na kushuka kwenye joto letu, chumvi bado imo, inaendelea kula taratibu. Mteja anaona rangi inang'aa juu, anatia ufunguo, anaondoka anacheka. Jamani!

Meneja wa Yadi alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, nayo ni rangi nyeusi nzito kama lami.

"Felista, lile la buluu lipige nyeusi chini."

"Lina kutu, Meneja."

"Si ndiyo maana nimesema lipige nyeusi?"

Hasira niliyokuwa nayo! Maana ukiipaka lami juu ya kutu yenye chumvi, umemfungia mwizi ndani ya nyumba ukamwachia na chakula. Lami hupasuka, maji huingia, hayatoki tena. Nilibishana naye mpaka tukachokana, nikaacha kazi.

Miaka mingi baadaye nikamfuata binti yangu jijini Sydney, tukakaa mtaa wa Toongabbie. Kila mtu aliniambia mwanamke wa umri wangu atapata kazi ya kutunza wazee au kufanya usafi. Nikasema thubutu. Nilizunguka Wetherill Park, mtaa wote ule wa viwanda na maghala, nikagonga milango, mpaka nikafika kwenye karakana moja ya kukinga magari na kutu. Bosi alikuwa mzee wa Kimalta, mnene, mchache wa maneno. Alinionyesha gari lililopachikwa kwenye lifti akaniuliza ningeanzia wapi. Nikamwambia ningeanza na maji. Akanirushia ovaroli.

Kazi ilikuwa hivi. Gari la zamani unaliosha tumbo kwa maji ya moto, na ndani ya chesisi unaingiza mpira mwembamba kupitia vitundu vyake mpaka maji yatoke hayana ladha. Unaliacha likauke, na usiibe siku. Unakwangua kutu iliyolegea kwa brashi ya waya, unapaka dawa inayoigeuza iliyobaki kuwa nyeusi na ngumu, halafu ndipo unapuliza kinga. Vile vitundu vya chini usivizibe hata kidogo, ndiyo pua za gari, maji yatokee hapo. Kinga yenyewe ilikuwa mafuta yanayokamuliwa kwenye manyoya ya kondoo. Hayakauki, hayapasuki, yananata kama asali, ila harufu yake! Nikirudi nyumbani mjukuu wangu hubana pua. "Bibi, you smell like a sheep," ananiambia, naye Kiswahili anakisikia chote. Namjibu, "Kondoo huyu ndiye anayekununulia viatu."

Domitila nilimjua kanisani. Ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, akaja huku na mumewe Leonidas, anaishi mtaa wa Doonside, anatunza wazee kwa shifti. Leonidas figo zilimfia, kisha miguu ikamwisha nguvu, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima alazwe kwenye mashine hospitalini isafishe damu yake. Kwa ajili hiyo waliagiza Japani gari la zamani lenye ngazi ya kiti nyuma, kiti kinapandishwa kizima na kufungwa kwa mikanda minne kwenye ndoano za sakafuni. Gari lilitoka kule kule kwenye theluji. Nililiosha mwenyewe mpaka Bosi akaniuliza kama nataka kulibatiza. Nilipomaliza lilikuwa safi, na nilimwapia Domitila hivyo.

Ndipo korona ikaja. Kwenye lokdauni ile kubwa, mitaa yetu ya magharibi ilibanwa kuliko mingine, polisi barabarani, kibali mkononi, kupimwa pua kila mara ndipo uingie kazini. Karakana hatukufunga kwa kuwa magari ya wauguzi na ya chakula yalihitaji kutembea. Ibada ikahamia kwenye simu. Leonidas, jinsi alivyokuwa dhaifu, ugonjwa ule ungempitia kama moto kwenye nyasi kavu, na Domitila alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jumamosi moja akamwacha mumewe kwenye mashine, maana ndugu hawakuruhusiwa kukaa, akaja na gari tulitazame kabla ya ukaguzi wa mwaka. Bosi akalipandisha. Chini palikuwa pazuri ajabu, mafuta ya kondoo bado yananata, vitundu vimefunguka. "Kazi yako nzuri," Bosi akasema. "Mpe aende."

Ningempa. Ila nilipoingia ndani kuokota kitambaa changu, niliweka mkono kwenye ndoano moja ya kiti ili ninyanyuke, nayo ikasogea. Haikusogea sana. Ilisogea kama jino la mtoto. Nikashika ya pili. Nayo ilicheza.

Nikakunja ule mpira mzito unaofunika sakafu. Chini yake bati lilikuwa limeumuka na kumeguka kama chapati kavu, jekundu, na juu ya wekundu ule kuna ukoko mweupe. Kutu iliyotoka juu ikishuka chini! Sijawahi kuona kitu kama hicho maishani mwangu. Japani chumvi hutoka barabarani, hapa barabara hazimwagiwi chumvi, na chini nimepaona kwa macho yangu pakavu. Nikashusha barakoa, nikaonja.

"Felista!" Bosi akapiga kelele. "Kuna korona!"

"Kuna chumvi," nikamjibu.

Domitila alikuwa amesimama nje ya mlango, mbali, kama sheria ilivyotaka. Tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti.

"Domitila, umebeba samaki wa chumvi humu?"

"Samaki? Hapana, Mama. Ile gari iko ya hopitali tu."

"Mlikwenda ufukweni?"

"Na polisi hawa? Tupitie wapi?"

Nikainama tena nikanusa. Chini ya harufu ya kutu palikuwa na harufu nyingine, kali, ya majani. Mikaratusi. Sydney nzima ni mikaratusi, lakini si chini ya mpira wa gari. Nikaanza kucheka kabla sijajua nacheka nini, halafu nikageukia mlangoni.

"Domitila. Mnafukiza gari?"

Akatazama chini.

Wanaojua wanajua. Kwetu, korona ilipoingia, watu walijifunika mablanketi juu ya sufuria, wakavuta mvuke wa majani na chumvi. Domitila alichukua mila ile akaipeleka kwenye gari. Kila wakitoka hospitalini, alimwingiza Leonidas nyumbani, kisha akatia garini sufuria la maji yanayochemka, majani ya mikaratusi na viganja vya chumvi, akafunga vioo vyote, akaacha gari "lijifukize". Mvuke wenyewe haubebi chumvi, huo usingedhuru sana. "Na ile maji ilikuwa inabakia," akaniambia, "nisiimwage bure. Nilikuwa napigia deki chini." Basi maji ya chumvi yakapenya pembeni mwa mpira, yakakaa pale gizani, safari baada ya safari, yakila mizizi ya ndoano. Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu.

"Kwani iko vibaya?" akauliza.

Nilitaka kumficha. Nasema kweli. Lakini yule ndiye anayeendesha. Nikamwambia kwamba akikanyaga breki kwa nguvu siku moja, ndoano zitang'oka na Leonidas atarushwa mbele na kiti chake.

Hakulia mara moja. Alisimama tu ameshika ile mikono yake ya kazi. "Nilikuwa namukinga," akasema. "Mama, mimi nilikuwa namukinga." Halafu akakaa chini palepale kwenye saruji, na mimi siruhusiwi hata kwenda kumshika bega. Hilo la kutomshika linaniuma mpaka leo.

Bosi akapiga simu hospitalini. Wakapata gari la wagonjwa la kumrudisha Leonidas Doonside siku ile, lakini la Jumanne hawakuahidi, magari yote yalikuwa yanabeba wagonjwa wa korona. Na mtu wa mashine hawezi kuikosa mashine, sumu hujaa mwilini. Bosi akaitazama sakafu, akanitazama mimi.

"Jumapili unasali?" akauliza.

"Nasali kwa simu. Simu inafika hapa."

Basi Jumapili ibada iliimba juu ya boksi la spana na sisi tukikata bati. Tuliikata sakafu mpaka kwenye chuma kizima, hatukuhurumia hata kipande. Bosi akachomelea bati jipya nene, akaongeza mabamba chini ya kila ndoano, akiguna kwa Kimalta chake. Mimi nikaosha chumvi yote iliyobaki, nikakausha kwa feni, nikapaka dawa, nikapulizia mafuta ndani ya kila mwanya. Jumatatu mhandisi mwenye leseni akaja, akagonga, akapima, akatia saini.

Mimi sikuridhika. Nyuma ya gari kulikuwa na kiti cha zamani cha Leonidas. Nikakifunga kwenye ndoano, nikakaa, nikajifunga mkanda. "Endesha," nikamwambia Bosi, "na usinionee huruma." Tukazunguka ua wa nyuma, akakanyaga breki mpaka tairi zikalia. Kofia yangu ilikwenda kugonga kioo cha mbele. Kiti hakikusogea. "Tena," nikasema. Mara ya tatu akakataa, akasema moyo wake una umri wake.

Jumanne asubuhi Domitila alilichukua. Akaichungulia sakafu mpya, hakuthubutu kuikanyaga. "Sasa nitaikinga na nini?" Nikamwambia afungue vioo, upepo upite, kisha afute kwa kitambaa chenye sabuni kilichokamuliwa, na asiweke mpira mpaka pakauke. Aliona ni kidogo mno. Nilimwona usoni. Mtu aliyezoea kupigana kwa sufuria zima, unampa kitambaa.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya lokdauni kulegezwa, mgongo umekataa kuinama. Vijana huniuliza kazi hii ilinifundisha nini, na wengi hutaka niwape jina la dawa. Mimi nawaambia, jifunzeni kuuliza. Tumbo la gari litakueleza lilikopita, lakini mwenye gari ndiye atakayekueleza linakoishi, na huyo usimuulize kama polisi, maana atakuficha. Nani angekiri mwenyewe kwamba anafukiza gari? Hata Bosi, ambaye amekula chumvi nyingi kwenye kazi hii, hadi leo anasimulia kisa kile akitikisa kichwa.

Jambo moja ndilo lililonisumbua. Ndoano zilicheza muda mrefu, na aliyekaa juu yake alikuwa na akili timamu. Iweje asiseme? Milango ilipofunguliwa nikaenda Doonside kumsalimu. Domitila alikuwa jikoni. Nikamuuliza Leonidas kwa sauti ya chini kama hakuona kiti kinayumba.

"Niliona, Mama. Kila kona. Nilikuwa nashika ule mlango kwa mikono miwili, kwenda na kurudi, nafika sina vidole."

"Sasa mbona hukumwambia?"

Akatazama jikoni, akahakikisha hasikii.

"Akimaliza kupiga deki ile gari, Mama, ndiyo saa moja tu kwa siku alikuwa hana woga. Ningemunyang'anya aje?"

Domitila akaja na chai, akaniwekea, akaniuliza tulikuwa tunanong'ona nini.

"Anakusema wewe," nikamwambia. "Anasema unaendesha vizuri."

"Muongo huyo," Domitila akasema. "Siku hizi hajui hata ninavyoendesha. Tukitoka tu hopitalini analala."