Mashati ya Mwezi Uliopita

Krrrii, krrrii, kisha karatasi kukatwa, chwa! Hadi leo sauti ya printa ile imo masikioni mwangu. Kazi yake ilikuwa kutoa orodha ya nguo zilizochelewa kurudishiwa wageni, na jioni ile ilikataa kunyamaza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chumba cha dobi cha hoteli moja ya Diani. Kompyuta ilipoletwa, mimi niliyeishia darasa la nane ndiye niliyepewa kiti mbele yake, na kiti kile nilikiota hata usingizini. Sasa mashati yaliyopokelewa muda ule ule yalionyeshwa kuwa yalipokelewa mwezi uliopita.

Msimamizi wetu alishika kiuno. "Mwanangu, umeingiza tena saa za kwenu Kinondo! Kesho unarudi kukunja mashuka."

Hakunionea. Wiki yangu ya kwanza, nguo za saa moja asubuhi niliziandikia moja badala ya saba, dobi nzima ikavunjika mbavu.

"Lakini mama, saa zetu zingepotea kwa saa sita tu. Huu ni mwezi!"

"Basi mwambie fundi wa kompyuta hayo kesho. Akikukataa, mashuka yanakungoja."

Nikapekua orodha za zamani. Miezi miwili ya nyuma, mambo yale yale: tarehe ishirini na tatu kama siku ile, saa kumi na mbili na dakika nane jioni, tarehe zinaruka, mwezi mpya ukianza, zinapona zenyewe.

Fundi kutoka Mombasa alizisoma, akapiga hesabu kwenye karatasi, akacheka. "Dada, umeikamata. Programu inahesabu dakika tangu mwezi uanze. Kibaba chake kinabeba elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Ikizidi moja tu, hesabu inapinduka chini ya sifuri."

"Si uipe pishi ya vibaba vinne, basi?"

"Ndiyo dawa yenyewe!" Akaipa.

Msimamizi akaguna. "Haya, kalia kiti chako. Lakini tarehe ishirini na tatu mwezi ujao tutaonana."

Siku hiyo ilipofika, wenzangu walikwenda kunywa chai. Nikavua leso yangu ya mabegani, nikaiandikisha kama nguo ya mgeni, saa kumi na mbili na dakika nane kamili. Kioo kikaonyesha tarehe ya leo. Printa, kimya.

Nikaifuta leso kwenye orodha, nikajitanda tena.