Wamama Wanatoka

Maji yaliingia kwanza chini ya mlango wa gari upande wangu. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yakaja na vijiti, mavi ya mbuzi na kandambili moja ya mtoto. Dereva akatia gia ya kurudi nyuma, gari likakataa. Akazima, akawasha, likakataa. Mngurumo niliokuwa nikidhani ni wa malori yaliyo barabarani ukawa umetufikia ubavuni. Sikuuona ule ukuta wa maji wenyewe. Nilimwona dereva akiuona.

Akanigeukia, akasema polepole kama mtu anayekukumbusha kufunga mkanda, "Toka kwa dirisha. Wewe ni mwembamba."

Akanisukuma kwa mikono miwili. Nikatoka hadi kiunoni, kisha magoti, kamera ikaniponyoka. Gari lilizungushwa likabamiza mgunga uliokuwa ukingoni, nami nikakamata matawi pamoja na miiba yake. Yeye alikuwa mpana wa mabega. Nilisikia anapiga paa kwa ndani, mara kadhaa, halafu gari likachomoka kwenye mti likaenda nalo pigo lake.

Nilipoinua uso nikamwona dairekta wetu, yule bwana wa Nairobi. Alikuwa amesimama ng'ambo, mahali pakavu, nyuma ya kamera yake ya miguu mitatu. Hakukimbia. Hakupiga kelele. Na ile kamera hakuizima.

Sasa nirudi nyuma, maana ukisikia hapo tu utasema ni ajali, na ndivyo walivyosema wote.

Mimi shule niliiacha darasa la sita. Kazi ya kamera niliianzia Kitale, kushika taa kwenye harusi za watu, hadi siku mwenye kamera alipolewa nikaachiwa niendelee. Kutoka hapo nikawa mtu wa video. Mwaka wa 2012, mafuta yalipopatikana Turkana, kila aliyejiita mwandishi wa habari alitaka picha za huku na hakuna aliyetaka joto la huku. Nikapanga chumba Lodwar, nikawa ninapiga picha wanazozitaka na kuzituma. Leo samaki wa Todonyang, kesho ng'ombe wa Lokiriama, kesho kutwa watalii wanaooga Eliye Springs. Nilikuwa nikifika mahali, watoto wanaizunguka kamera, wazee wanaisalimia kamera, na nikiifunga kwenye begi kila mtu anarudi kwake. Chumbani kulikuwa na kitanda, jerikeni na ukuta uliohifadhi joto la mchana kama tanuri. Nikiwasikiliza niliowahoji kwenye habari, nasikia jibu tu. Swali langu lilikuwa linakatwa Nairobi kila mara. Ukifanya kazi hii miaka mingi unazoea kwamba sauti yako haipo duniani.

Mtu mmoja tu alikuwa akiniuliza kama nimekula. Ni huyo dereva. Alikuwa Mturkana wa upande wa Loima, mtu mzima mwenye pengo la jino la chini kama desturi yao. Gari halikuwa lake, alikuwa anaendeshea tajiri mmoja wa mjini. Tulizunguka pamoja mwaka mzima. Alikuwa akinicheka.

"Bwana Picha, wewe unatafuta nini kwa hiyo kashimo?"

"Natafuta mwangaza."

"Mwangaza iko hapa nje, bure. Toa jicho kwa kashimo."

Tukisimama njiani, anasalimiana kwanza na kila aliyeko. Ejok, ejok, mpaka salamu ziishe, mbuzi waulizwe hali, mvua iulizwe hali. Mimi nangoja. Kisha ananiambia, "Sasa piga picha yako. Wameshajua sisi ni watu."

Yeye ndiye aliyenifundisha laga. Laga ni mto wa mchanga. Mwaka mzima hauna maji juu, wanawake wanachimba visima humo humo katikati, wanaingia hadi kichwa kisionekane, wanachota kwa kibuyu. Mvua inanyesha mbali milimani kuelekea Uganda, kwako mbingu nyeupe kabisa, na mto unakuja. Nilimuuliza mtu anajuaje. Akasema, "Angalia wamama. Wamama wakitoka kwa kisima haraka, jerikeni haijajaa, wewe usiingie. Usiulize mtu. Hakuna mama anaacha maji bila sababu."

Ndiyo sheria yote. Hata mtoto wa huko anaijua.

Dairekta alikuja mvua za 2013. Kijana msomi, mpole, mwenye kofia na chupa yake ya maji. Anatengeneza filamu ya ukame na maji kwa shirika moja linalofanya kazi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Mimi nikachukuliwa kushika kamera ya pili, rafiki yangu dereva akakodiwa pamoja na gari. Tulipiga picha Lodwar, kisha tukashika njia ya Kakuma. Kabla ya kufika, tukakuta laga pana, mchanga umelowa kidogo katikati, utando wa maji mwembamba kama jasho. Dairekta akaipenda sana. Akataka picha ya gari likivuka.

Asiyejua kazi hii haelewi ujinga wake. Gari linavuka, linapigwa picha. Halafu linarudi lilikotoka, livuke tena, kana kwamba halijawahi kuvuka. Unaweza kuvuka mto mara nne na usiende popote. Mara ya kwanza tulivuka vizuri. Dairekta akasema hapana, kuna wanawake wenye majerikeni ya manjano kule nyuma, wanaharibu fremu, filamu hii inaonyesha mahali pasipo na maji. Tukavuka tena. Akasema hapana, bado wapo. Akanituma niwaombe wahame. Dereva akakataa nisiende.

"Hiyo ni kisima yao. Utafukuza mama kwa kisima kwa sababu ya picha?"

 Dairekta akaamua nikae ndani ya gari nipige picha ya maji yakipita kando ya gurudumu, yeye abaki ukingoni na kamera yake. Tukarudi upande wake. Tulikuwa tumegeuza gari karibu na aliposimama, dirisha wazi, dereva akanyoosha kidevu kuelekea juu ya mto.

Wale wanawake walikuwa wanapanda ukingo. Hawakukimbia. Walikuwa wanatembea kwa hatua ndefu, mmoja amebeba jerikeni linalocheza kichwani kwa sababu ni nusu.

Dereva akasema, "Wamama wanatoka."

Dairekta akageuka, akawatazama, akatabasamu. "Ndiyo, nimeona. Afadhali. Fremu sasa ni safi."

Nikasema mimi, kwa sauti, "Anasema wamama wanatoka mtoni. Maji yanakuja."

Dairekta akatazama mbingu. Ilikuwa nyeupe kama sufuria. Akasema, "Wazee, ni dakika moja tu. Mara ya mwisho. Twende."

Dereva akabaki na mkono kwenye gia. Akasema tena, "Mto hii haina mchezo." Dairekta akajibu kwamba kama hataki kufanya kazi aseme, yeye dairekta ampigie simu mwenye gari kule Lodwar aulize kama kuna dereva mwingine. Simu alikuwa ameshaishika mkononi.

Tukaingia.

Yaliyofuata nimeshayasema.

Rafiki yangu walimpata wachungaji mbali huko chini, amefunikwa mchanga hadi shingoni kama mtu aliyelazwa. Walimzika kwao. Mimi nilienda na mikono yangu imefungwa bendeji. Dairekta alikuwa ameshapanda ndege Lodwar, kwa kuwa, aliniandikia, alikuwa na mshtuko. Polisi wakaandika ajali. Mhubiri akasema ni kazi ya Mungu. Mwenye gari alisimama sokoni akawaambia watu kwamba dereva wake alikuwa kichwa ngumu, amelitumbukiza gari kwenye laga inayojaa kama mgeni aliyekuja jana.

Hilo ndilo lililobaki mjini. Hata madereva wenzake, waliokuwa wakinywa naye chai stendi, wakasema hivyo hivyo. Mturkana mzima kuuawa na laga! Wengine walicheka kidogo. Wewe unaweza kuona ni neno dogo. Nenda kakae pale umsikie mjane wa mtu akiambiwa. Alikuwa amevua shanga zake zote kwa msiba, shingo imebaki nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa, na shemeji zake wanamuuliza kila siku mume wake alikuwa na akili gani siku ile.

Nilimweleza yote. Kwamba alionya. Kwamba alionya mara mbili. Akaniuliza, "Nani mwingine alisikia?"

Nikamwambia, "Kamera." Kwa sababu ile kamera ya ukingoni ilikuwa inawaka tangu tulipogeuza gari. Mimi niliona taa yake nyekundu. Kamera yangu ililiwa na mto, lakini yake ilirudi Nairobi ikiwa kavu, na sauti zetu zimo ndani.

Baada ya miezi kadhaa nikasikia filamu imekamilika, itaonyeshwa Kakuma kwenye ukumbi mmoja wa kambini. Nikamwambia mjane twende. Nilikuwa na hakika. Nilidhani watamtaja mwishoni, angalau picha yake na maneno machache, na ile sauti yake isikike. Akafunga leso mpya. Tukapanda lori la mchanga. Tulipofika kwenye laga ile lori likashuka taratibu, na wanawake walikuwa humo humo katikati, vichwa vinazama na kutokea, majerikeni yamepangwa.

"Ni hapa?" akauliza.

"Ni hapa."

Akawatazama wale wanawake hadi tukapanda upande wa pili. 

Ukumbini walikuwa wameziba madirisha kwa mablanketi. Palikuwa na joto la watu wengi, Wasudani Kusini, Wakongo, Wasomali, wenyeji nyuma. Mama mmoja Msudani akasogea akampa mjane nafasi kwenye benchi. Shuka nyeupe iliyotundikwa mbele ikawaka.

Ilianza na laga. Gari likaingia kutoka kushoto, jeupe, zuri. Halafu maji. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Kukawa na muziki wa polepole wa kinanda. Nikajiona. Miaka yote nimekaa nyuma ya kamera, na siku ya kwanza kuonekana ni pale, kitu chembamba cheusi kinachotoka dirishani kama mdudu. Kisha gari likapinduka likaondoka, na mwanamume mwenye sauti nzuri akasoma maneno kwa Kiingereza.

Mjane akaninong'oneza, "Anasema nini?"

Kiingereza changu ni cha kuokota, lakini nilielewa. Nikamwambia ukweli. "Anasema kila mwaka watu wanakufa hivi, kwa sababu hawasikii wakionywa."

 Kwenye shuka ng'ombe waliokonda walikuwa wanapita.

"Lakini wewe uliniambia yeye ndiye alionya."

"Ndiye."

"Sauti yake iko wapi?"

 Tulingoja hadi mwisho, majina yakapanda moja moja kwenye shuka. La dairekta lilikuja mara tatu. La msomaji, la mpiga kinanda. Langu likapita limeandikwa vibaya. La dereva halikuwepo. Mjane hajui kusoma, akawa ananitazama mimi usoni badala ya kutazama shuka, na akajua. Akainuka akatoka nje, akasimama juani peke yake, leso mpya imeanguka mabegani.

Nilimpigia dairekta. Alishika mara moja tu. "Mzee, pole sana. Tuliitumia ile picha kwa heshima."

"Na sauti?"

"Ile sauti ina upepo. Haifai kiufundi."

"Kwa hiyo unayo."

Akakata. Tangu siku hiyo hashiki. Nilimpigia mama mmoja wa ofisi ya filamu, aliyechagua ule muziki wa kinanda na kuulipia, akasema suala hilo limefungwa. Mtu wa shirika akaniambia filamu imependwa sana huko nje na nisiharibu kazi nzuri.

Sasa ninasafiri kwa lori na begi langu. Dereva mpya haniulizi kitu. Tukifika kwenye laga natazama visima kabla sijatazama kitu kingine chochote, na hakuna wa kumwambia kwamba nimetazama.

Majina yenu sitayaandika hapa, wenyewe mnajijua. Wewe uliyekuwa nyuma ya miguu mitatu, wewe uliyechagua kinanda, wewe uliyesoma yale maneno kwa sauti nzuri, na wewe mwenye gari uliyemtukana maiti sokoni. Kwa dairekta nina jambo moja. Upepo haukuwepo siku ile. Kulikuwa kumetulia kiasi kwamba tulisikia jerikeni likicheza kichwani kwa yule mama. Toa sauti. Iondoe chini ya kinanda, uilete Lodwar, uiweke mbele ya mjane na shemeji zake na madereva wa stendi, isikike vile vile ilivyo, na wewe uwe umeketi hapo. Halafu umjibu mjane, si mimi. Uliposema afadhali, ulikuwa umesikia nini?