Jumapili Tuliyomwalika Mhandisi

Niliingia kwenye klabu ya baiskeli ya mtaani kwetu Kinyerezi kwa sababu ya uzito. Daktari alinitazama, akautazama mzani, akaniambia nifanye mazoezi. Kukimbia barabarani na mwili wangu huu niliona ni kujitafutia watazamaji. Kwenye baiskeli angalau mtu unakaa.

Aliyenipeleka ni baba. Baba ni mchonga vinyago, amevuka miaka sabini na ana ubishi wa watu watatu. Kila asubuhi alikuwa anaendesha baiskeli hadi Segerea, kwenye banda analochongea na wenzake aliotoka nao kusini. Siku moja bodaboda ikampita karibu mno, usukani ukagusa usukani, na baba akaangukia mtaroni. Alitoka na mkono uliochubuka na matusi ambayo sikujua kama anayajua.

Ndugu zangu wakaitisha kikao kwenye simu. Kaka yangu mkubwa, ambaye anaishi mbali na kwa hiyo ana maoni mengi, akasema baiskeli ifungiwe stoo. Baba aliposikia hakubisha. Aliingia chumbani, chakula cha mchana hakugusa, cha usiku hakugusa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana baba asiyebisha mie simjui. Nikawaambia ndugu zangu nitamsindikiza mwenyewe kila asubuhi, kwani hata cherehani yangu iko hukohuko Segerea. Wakakubali kwa sharti: nikikosa hata siku moja, baiskeli inaingia stoo mpaka barabara ile iwekewe njia ya baiskeli. Walisema hivyo huku wakijua njia hiyo haipo na hakuna anayeifikiria.

Basi nikageuka mwanaharakati. Mwenyekiti wetu wa klabu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza, akaandika barua kwa mhandisi wa barabara. Tuliomba kitu kidogo tu: pembeni mwa lami patengwe kwa nguzo za zege, ili malori yasiegeshwe pale na bodaboda zisipite. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili haikujibiwa. Ya tatu mhandisi akapiga simu mwenyewe, akasema angependa kuja aendeshe pamoja nasi ajionee.

Tulifurahi mpaka akili zikaruka. Tukamwalika Jumapili saa moja asubuhi, kwa kuwa ndiyo siku yetu ya kuendesha. Tukashona fulana za rangi moja, tena nilizishona mimi. Nikapika vitumbua, nikajaza chai kwenye chupa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwa nini klabu huwa inaendesha Jumapili saa moja asubuhi. Ni kwa sababu saa hiyo barabara ni tupu.

Mhandisi alikuja kwa baiskeli ya kuazima, kijana mchangamfu. Aliendesha kwa raha zake, mpaka akaachia usukani kwa mkono mmoja ili ajipige picha. Ilipita bajaji moja tu, na dereva wake akatupungia mkono. Mungu anisamehe, asubuhi ile niliomba lori. Halikuja.

"Jamani, mbona pazuri hivi?" mhandisi akasema, akichukua kitumbua cha tatu. "Sasa nyie ishu yenu iko wapi?"

Mwenyekiti akaanza kueleza, akajikwaa kwenye maneno yake mwenyewe. Mie hasira zilinipanda, na ubaya wake sikuwa na wa kumkasirikia. Baba ndiye aliyesogea.

"Mwanangu, vitumbua umevipenda?"

"Sana, mzee."

"Basi kesho saa moja pita nyumbani, vipo vingine. Njoo na hiyo baiskeli."

Akaja. Tukatoka watatu, baba mbele, mhandisi katikati, mie nyuma. Jumatatu ilitupokea kama ilivyo: malori ya kokoto yakitupulizia moshi, daladala zikijichomeka pembeni bila taa wala salamu, bodaboda zikitujia usoni. Honi zilikuwa nyingi hadi hujui ipi ni yako. Hatukufika nusu ya safari, mhandisi akashuka. Akawa anakokota baiskeli, shati limemganda mgongoni.

"Mzee, hapa unapita kila siku?"

"Kila siku," baba akasema. "Jumapili ndiyo napumzika."

Mhandisi hakucheka. Ilichukua miezi, barua nyingine na vitumbua vingine, lakini nguzo zikaja. Ni kipande tu, kutoka karibu na kwetu mpaka kwenye mabanda ya Segerea, na wiki ya kwanza tayari kuna mtu alikwishapanga nyanya juu yake. Klabu tulishangilia kama tumejengewa uwanja wa ndege. Kaka mkubwa nilimtumia picha, naye akajibu kwa kidole gumba.

Asubuhi iliyofuata nikatoka na baba kama kawaida. Tulipoingia tu ndani ya nguzo, akasimama, akaweka mguu chini.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Nakusindikiza, baba. Na mie si naenda Segerea?"

"Cherehani yako hufungui kabla ya saa tatu. Hii njia mliipigania ya nini? Si ili nipite mwenyewe?"

Nilikuwa na majibu. Nilitaka kumwambia kuna nyanya mbele, kuna kona, kuna umri. Lakini ukweli ni kwamba moyo uliniuma kwa jambo jingine. Miezi yote ile nilikuwa nalalamika kuamka mapema, na sasa naona naondolewa saa pekee ya siku niliyokuwa na baba yangu peke yetu.

"Haya, nenda," nikamwambia.

Akakanyaga pedeli, akaenda. Nilisimama pale nikimtazama mpaka mwisho wa nguzo, na hakugeuka hata mara moja.